Nani Alikula Chakula cha Juju

Harufu ya udongo mbichi hunirudisha kwenye handaki lililozunguka kijiji chetu karibu na Nkubu, miaka ya Hali ya Hatari. Kina mama walilichimba kila asubuhi kwa amri ya wakoloni, na vijiti vilivyochongwa ncha vilisimama ndani yake kama meno. Juju, kama tulivyomwita nyanya yetu, alichimba nao. Baridi ya Julai ilitufanya watoto tujikunyate, lakini yeye alitokwa jasho, mikono ikimtetemeka hadi jembe likagonga mawe. Alikula mabakuli mawili ya githeri, mahindi kwa maharagwe, kisha ndizi, kisha akakwangua chungu. Hata hivyo nguo zilizidi kumpwaya kila wiki.

Siku zile, mtu aliyepika sana huku akikonda alikuwa na maelezo ya aina moja tu: chakula kinaenda msituni kwa wapiganaji. Waliopatikana na kosa hilo walipelekwa kambini kuhojiwa, na wengine hawakurudi. Basi Mutwiri, mlinzi wa lango aliyekuwa jirani yetu zamani, akaniita. "Wewe msichana, nani anakula chakula cha nyanya yako?" Nilikuwa na miaka tisa, nami nilikuwa nimeonywa nisimjibu mlinzi lolote. Nikawaza: nikisema ni yeye, ataona nimefundishwa; nikinyamaza ataona naficha. Nilipotamka, "Ni yeye mwenyewe," nilikuwa nimechelewa. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, akaenda kumwita Juju.

Alimkalisha langoni na chungu kizima cha githeri, kijiji chote kikitazama. Juju akala bila haraka, akafuta bakuli kwa kidole. "Mwanangu Mutwiri, kama umemaliza kunitazama, niongezee." Wanawake wakageuka kuficha kicheko. Mutwiri alimshika mkono amwinue, kisha akabaki ameushika. "Mama, mbona mshipa wako unaenda hivi? Unakimbia, unasimama, unaruka." Juju akalegeza leso ya shingoni ili apate hewa, na hapo sote tukaona uvimbe mkubwa kama yai. Asubuhi iliyofuata Mutwiri alimpatia pasi ya kutoka kijijini, si ya kwenda kambini bali ya hospitali ya misheni. Muuguzi alitueleza kuwa tezi ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi, mwili huteketeza chakula chote, na kwa mzee hata mapigo ya moyo huvurugika. Kilichomla kilikuwa nguoni kweli, chini ya leso.

Vidonge vilimtuliza polepole. Leo, miaka kumi na tano baadaye, handaki limefukiwa, migomba imestawi juu yake kuliko mahali pengine popote, nami nina shahada na tabia ya kujishika mshipa wa mkono kila ninapoulizwa swali. Bado nahesabu ule muda niliokaa kimya. Juju amenenepa, nikimtembelea hunipakulia, kisha huketi kunitazama. "Kula tu," huniambia, "siku hizi hakuna anayekula kwa ushahidi." Nakubali, nakula. Lakini kabla sijaliweka bakuli chini, huliinamisha kidogo ili aone ndani.