Ramani Aliyoomba Ishushwe

Binti yake ndiye aliyenipigia simu kutoka Iringa, mwezi uliopita, kuniambia kuwa baba amefariki. Amekufa kwa shinikizo la damu, katika hospitali ya mjini, daktari akiwa amesimama pembeni ya kitanda, na nakuomba msomaji usiisahau hali hiyo mpaka tufike mwisho. Alikuwa mchora ramani na chati wa halmashauri moja ya huku kwetu Nyanda za Juu. Sitaitaja, kwa sababu nikiitaja tu, nyingine zote zitashusha pumzi na kusema kumbe hatusemwi sisi. Wengi wenu hamkumfahamu yeye, mlizifahamu kazi zake: zile nguzo za rangi zinazopanda kila mwaka, zile ramani zinazofutwa vumbi mgeni akitarajiwa. Nilikusudia kuandika kwa upole, kama ilivyo desturi mtu akituacha. Nimeshindwa. Nina hasira tangu siku ya mazishi, na wiki baada ya wiki inazidi.

Tulifahamiana kwa ugomvi. Gazeti nililokuwa nikiandikia hapa Mbeya lilichapisha chati ya mavuno ya mahindi, nguzo mbili, ya pili ikiwa imeipita ya kwanza kwa mbali sana. Siku chache baadaye mtu akaingia ofisini kwetu, shati limepigwa pasi likanyooka, penseli za rangi zimejaa mfukoni, zote zimechongwa, akataka aonyeshwe aliyeikata chati miguu. Hakuna aliyemwelewa. Ikabidi atueleze kama watoto kwamba nguzo zetu hazikuanzia sifuri, tumezikata chini ili ongezeko dogo lionekane mlima. Baadaye tukajikuta kwenye basi moja, tukasimama Ilula, akina mama wakaleta ndoo za nyanya dirishani. Alinunua ndoo moja, kisha akamuuliza muuzaji, kwa adabu zote, kama kuna wanaojaza majani chini na kupanga nyanya juu. Yule mama hakufurahi kuulizwa. Alisema yeye hawezi, maana kesho basi litapita tena na abiria watamtafuta. Rafiki yangu akanigeukia. "Umemsikia? Huyu anamwogopa abiria wa kesho. Ninyi mmeniuzia ndoo ya majani, na kesho mtaniuzia nyingine."

Alikuwa na maringo, sikatai. Zile chati za mviringo zilizogawanywa vipande aliziita keki za harusi, akasema afadhali keki, angalau utakula. Ofisini kwao walimwona msumbufu, na mimi mwenyewe nilikuwa nikiona namba yake kwenye simu naguna kabla ya kupokea. Ila ukali ule ulikuwa na sababu, na sababu hiyo alinieleza mara moja tu.

Kazi aliianza Chunya, kwenye maeneo ya tambarare, ambako ukiizungushia zahanati duara kwa bikari, duara hilo halidanganyi sana. Alipohamishiwa milimani alikuja na bikari yake ileile. Kila zahanati akaizungushia duara la kijani, na kila kijiji kilichoangukia ndani ya kijani kikahesabiwa kuwa kimefikiwa na huduma. Wakubwa waliipenda ramani ile. Ilikuwa safi, inasomeka kutoka mlangoni, na sehemu kubwa ilikuwa kijani. Wakaitundika ukumbini. Sasa, kijiji cha kwao mwenyewe kinatazamana na zahanati. Ukisimama uani kwao unayaona mabati yake yaking'aa ng'ambo. Kwenye karatasi ni pua na mdomo. Kwenye ardhi kuna korongo lenye mto, daraja hakuna, na mvua zikianza inabidi uzunguke mlima mzima. Wanakijiji walipoomba wajengewe zahanati yao, au angalau daraja la waenda kwa miguu, walijibiwa kuwa wao wameshafikiwa. Kila walipoomba walijibiwa hivyo, na waliojibu walikuwa wakinyoosha kidole ukutani.

Alielewa alichokifanya siku alipokuwa nyumbani likizo na mke wa mpwa wake akashikwa na uchungu. Wanaume walimbeba kwa machela, naye akiwa mmoja wao, wakauzunguka mlima. Mtoto alizaliwa njiani na hakuishi. "Ndugu yangu," aliniambia, "siku nzima tulikuwa tunatembea ndani ya kijani changu. Hatukutoka nje yake hata hatua moja."

Aliporudi kazini akachora ramani nyingine. Hiyo haikupima umbali, ilipima muda: kila kijiji alikiweka mbali na zahanati kwa kadiri ya saa ambazo watu waliobeba mgonjwa hutembea wakati wa mvua. Niliiona. Vijiji vya kando ya barabara kuu vilisogea katikati vikabanana, na Ipogolo, pale barabara kuu inapopita chini ya mji wa Iringa, ambako tunajua ni mbali, ikawa karibu kuliko mlima wa jirani. Kijiji cha kwao kilitupwa pembeni kabisa, karatasi nusura imalizike. Sijawahi kuona picha ya takwimu iliyosema kweli kiasi kile. Wakubwa wakacheka. Wakasema imekaa kama shati lililochanika, itawachanganya wageni. Akaomba basi ile ya kijani ishushwe. Aliomba mpaka akastaafu, na baada ya kustaafu aliendelea kuomba, mpaka walinzi wa getini wakaambiwa wasimruhusu kuingia.

Tulimzika kwao. Tuliofuatana na familia tulipita njia ndefu, tukafika kwa wakati. Ujumbe wa halmashauri haukuonekana. Mchungaji alisubiri, akasubiri tena, mwishowe akaendelea kwa kuwa mawingu yalikuwa yamefunga. Kaburi limeshafukiwa, watu wanakula, ndipo wakatokea wanapanda kilima kwa miguu, suruali zimelowa hadi magotini. Walikuwa wameacha gari pale zahanati. Waliitazama ramani, wakaona ni kutembea kidogo tu.

Dada wa marehemu, mama wa makamo, aliwapokea. Akawaambia kamwene, salamu ya kwao, wakaitika, akawapa maji ya kunawa. "Poleni na safari, wanangu. Mmetoka pale zahanati asubuhi?"

Mkuu wa msafara akasema ni asubuhi, njia iliwasumbua kidogo.

"Haya," akasema yule mama. "Na hapo hamkubeba mgonjwa."

Ungedhani mtu angekunja karatasi yake na kuketi. Bwana yule alikunjua yake. Akasimama mbele ya kaburi bichi, matope yakimdondoka, akasoma kwamba marehemu atakumbukwa kwa ramani yake iliyoonyesha jinsi huduma zilivyomfikia kila mwananchi. Nilimtazama usoni nione kama atasita. Hakusita. Binti wa marehemu alinishika mkono, sijui ni kwa kuhitaji kushikwa au kwa kunizuia.

Wiki iliyopita nilipita kwenye ukumbi ule. Ramani bado ipo, na sasa wameitengenezea fremu mpya yenye kioo, chini yake wameandika jina lake, kwa heshima. Binti yake alikwenda kuwaomba, kama hawataki kuishusha, basi walifute jina la baba. Akaambiwa asikatae heshima. Marehemu mwenyewe alikufa na daktari pembeni kwa sababu alikuwa amehamia mjini. Waliobaki kule wameandika ombi lao tena, na watajibiwa kwa kidole kilekile kinachonyooshwa ukutani, safari hii kikigusa jina la mtoto wao. Mimi sina la kufanya zaidi ya kuandika, na nimeandika. Lakini wewe, siku utakapoonyeshwa chati nzuri au ramani yenye rangi za kupendeza, usipoteze muda kumsifu aliyeichora. Mtafute mtu anayeishi ndani ya ile rangi, umuulize mgonjwa wao wa mwisho walimfikishaje.