Mama Geuza na bendera za nyumba kumi na moja

Saa moja na nusu asubuhi, kisu cha mtambo wa kukatia karatasi kinashuka na sakafu inatikisika. Mwanamke aliyesimama mbele yake amebonyeza vitufe viwili kwa mikono yote miwili, maana ndivyo mtambo unavyotaka ili usimle mtu vidole. Kisu kinapopanda, anavuta pembeni ukanda wa mabaki, wa kijani, upana wa kiganja. Anautazama mbele. Anaugeuza, anautazama nyuma. Anaugeuza tena.

"Huu ni mtupu," anasema, ingawa hakuna aliyemwuliza.

Wenzake katika kiwanda hiki cha uchapaji wanamwita Mama Geuza. Jina hilo halijatimiza mwaka, na ni yeye mwenyewe aliyejitafutia.

Mabaki hayo ana ruhusa ya kuyachukua. Msimamizi anamwachia ayabebe mradi asichelewe kazini, na ameyabeba kwa miaka minne. Nyumbani yanageuka bendera ndogo za pembe tatu, zinazotundikwa mtaani kwao kila sikukuu. Safari hii zimebaki siku tisa. Amekwisha kata bendera mia tatu na arobaini, na hajui kama hata moja itatundikwa.

Kwa hiyo hatulii. Wakati wa chai wenzake wanakaa. Yeye anakunywa akiwa amesimama, huku akichambua ukanda mwingine.

Mtaa wao ni mfupi, una nyumba kumi na moja. Asubuhi ya sikukuu kamba hufungwa kwenye mlango wa kwanza, ikavuka barabara hadi wa pili, ikarudi upande huu, hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Watoto huifuata kwa chini wakibisha hodi, na kila mlango huwapa kitu kidogo. Mlango usiofungwa kamba haubishiwi, na watoto wa nyumba hiyo hawaingii kwenye msafara. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, lakini hata mtoto wa miaka mitatu anaijua.

Zamani mapambo na zawadi vyote vilinunuliwa dukani. Midoli ya plastiki ilivunjika kabla ya jua kuzama, na mwaka mmoja karatasi za nailoni ziliziba mtaro, mvua iliponyesha maji yakaingia ndani kwa watu. Mchango nao ulikuwa ujira wa siku tano wa mtu kama Mama Geuza, ambaye analea watoto wawili peke yake. Mwaka huo hakuwa nao. Akapiga moyo konde, akaenda kikaoni na furushi la mabaki.

"Niliwaambia, mimi pesa sina, mikono ninayo," anakumbuka. "Kamba tunayo ya mwaka jana. Gundi tunapika, unga kijiko na maji. Watoto wasinunuliwe midoli, kila mmoja alete mdoli aliouchoka, tuushone, tuusafishe, apewe mwingine. Na zawadi tufunge kwa kitambaa, si karatasi, kitambaa kirudi kwa mwenyewe. Wakacheka kidogo, halafu wakakubali."

Mambo yakaenda vizuri miaka mitatu. Watoto walilisubiri gari la kuchezea la jirani kama vile halijawahi kuonekana mtaani. Baada ya sikukuu bendera zilibanduliwa, kamba ikaviringishwa, karatasi zikarudi kiwandani kuuzwa kwa kilo pamoja na taka nyingine.

Halafu mwaka jana, wiki tano kabla ya sikukuu, akafariki seremala wa mtaa, mzee wa nyumba ya saba.

Mama Geuza aliomba siku mbili kazini akakaa msibani, akipika na kuosha vyombo. Siku hizo hizo kiwanda kikachapa ratiba ya mazishi ya mzee huyo, na karatasi za jalada zikatoka na tarehe iliyokosewa. Mia mbili nzima zikatupwa. Zilikuwa karatasi nene, nzuri, njano kwa nyuma, na mbele picha ya marehemu. Mwenzake wa zamu, akijua Mama Geuza anapenda rangi, akazifunga bunda na kumwekea, njano juu.

"Mimi nikaona njano tu," anasema. "Nikazikata nyumbani bunda kwa bunda, njano juu, nguo ziko kwenye beseni, jiko linawaka. Mkubwa alipitisha kamba. Mdogo ndiye aliyekunja, njano nje, na kupaka gundi. Sikugeuza hata moja."

Alfajiri ya sikukuu kamba ikafungwa, mtaa mzima ukameremeta njano. Saa tatu yakaanza manyunyu. Gundi ya unga ikalegea, na bendera zikaanza kufunguka moja baada ya nyingine. Mlangoni kwa mwalimu likatokea jicho moja. Juu ya duka, kola na tai. Katikati ya barabara nusu ya tabasamu la seremala, halafu nusu nyingine, halafu matabasamu thelathini na kitu yakipepea juu ya vichwa vya watoto.

Mjane alitoka, akatazama juu, akaziba mdomo kwa kiganja, akarudi ndani na kufunga mlango. Mwenye duka akakimbilia ngazi na kisu. Kabla ya saa nne hapakuwa na kamba, wala msafara.

Binti mdogo, aliyekuwa na miaka mitano, alipoulizwa kama hakuiona picha wakati wa kukunja, alishangaa. "Nilimwona Babu. Nilidhani tumemweka ili na yeye asherehekee."

Alasiri hiyo mama yake alikwenda kwa mjane kuomba radhi. Alibisha hodi mara tatu, hakufunguliwa. Hawajasemezana hadi leo.

Mwaka huu mtaa unataka kurudi kwenye mapambo ya dukani, na mchango ni ule ule wa siku tano. Mama Geuza bado hana. Kikao ni Jumamosi. Mwenye duka, ambaye ndiye mwekahazina, hana maneno mengi.

"Sina kinyongo naye. Anajituma, na ule mtaro tangu siku zile haujaziba," anasema akipima sukari. "Lakini yule mama aliumia mbele yetu sote. Akisema yeye mwenyewe sawa, ngazi yangu ipo. Asiposema, watu hawatakubali."

Nyumbani ni chumba kimoja na ukumbi mdogo. Bendera zimepangwa kitandani kwa rangi, na usiku hushushwa sakafuni ili watu walale. Mvulana wa miaka kumi na mmoja anafanya hesabu zake juu ya ndoo iliyofunikwa. Hazitazami bendera.

"Darasani wananifumbia jicho moja," anasema taratibu. "Nikiingia tu, wote jicho moja. Mama, mwaka huu turukwe tu na kamba. Mimi nitakaa ndani."

Mama yake anarudi kwenye bendera. Anapanga upya kijani, ambayo ilikuwa imekwisha pangwa. Baadaye, nje, anasema kilichomchoma. "Angelia ningejua la kufanya. Amekubali kurukwa. Mtoto wa miaka kumi na mmoja, amekubali."

Saa kumi na moja jioni anajifunga kitambaa kichwani, anakifungua, anakifunga tena. Anachukua kikapu chenye bendera zote mia tatu na arobaini, ili mjane azikague mbele na nyuma mwenyewe. Binti mdogo anamfuata bila kuitwa. Kutoka mlango wao hadi nyumba ya saba ni hatua chache, na njiani anasimama mara mbili.

Anabisha. Mlango unafunguliwa hata kabla hajamaliza hodi ya kwanza.

"Shikamoo, mama," anasema. Anainua kikapu.

"Marahaba." Mjane ni mwanamke mrefu, mwembamba, wa miaka sitini na kitu. Hatazami kikapu. "Umechelewa sana, mwanangu."

"Nilikuja siku ile. Nilibisha."

"Najua. Nilikuwa nyuma ya mlango." Mjane anaegemea mwimo wa mlango. "Nilikuwa nacheka."

Mama Geuza anamtazama kama hakusikia vizuri.

"Yule mzee alichukia picha maisha yake yote. Arusi yetu alijificha nyuma ya shemeji yake. Ile ya kwenye ratiba tuliitoa kwenye kitambulisho, ndiyo pekee. Halafu natoka nje nakuta ametundikwa mtaa mzima, huku jicho, kule tai." Mdomo wake unaanza kutetemeka. "Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tangu nimzike sikuwa nimecheka. Sasa ningekufungulia vipi, mjane wa wiki tano, ninacheka? Watu wangesema nini? Nikasema atarudi kesho, nitamwambia. Hukurudi."

"Niliogopa."

"Na mimi nikadhani umekasirika. Watu walikuharibia kazi yako na sikutoka kukutetea."

Mama Geuza anaweka kikapu chini, anaketi kizingitini pale pale, na analia bila kujificha. Mjane naye anajikunja taratibu, akishika goti, anaketi kando yake. Binti mdogo anawatazama wote wawili, halafu anauliza kama Babu mwaka huu atakuwepo. Mjane anacheka tena, kwa sauti, mlango ukiwa wazi, na mwalimu wa nyumba ya tano anachungulia dirishani kuona kuna nini.

Jumamosi mjane amesema atakwenda kikaoni mwenyewe. Mama Geuza ana mpango mkubwa zaidi: anataka kila nyumba ilete mtoto mmoja, akae naye jioni moja afundishwe kukunja, ili bendera zisiwe mzigo wa mtu mmoja wala kosa la mtu mmoja. Gundi ataongeza unga. Ameanza kuhesabu siku kwa vidole, amekosea, ameanza upya.

"Nisikudanganye, bado naogopa," anasema akirudi kwake, kikapu kikiwa kimebaki kwa mjane. "Lakini unajua kinachoniuma? Mwaka mzima natoka kazini nimechoka, nazunguka nyuma ya nyumba, napita kule kwenye tope, ili tu nisipite mlangoni kwake. Na yeye, ameniambia sasa hivi, kumbe kila jioni alikuwa ndani, anasikiliza kama nitapita."