Yowe la Maji

Maji ya kitongoji cha Dorothea Chilongani yaliibwa mchana kweupe, na aliyeyaiba akapigiwa makofi. Nathanaeli, mwenyekiti wa kijiji chao kilicho jirani na Haneti, Dodoma, alilitoboa bomba la umma, akatandaza mpira chini ya ardhi hadi kwenye shamba lake la zabibu, kisha akaitisha mkutano kueleza kwamba kukauka kwa koki ni "changamoto". Wananchi wakashangilia. Neno hilo ni kubwa, lina heshima zake, na halimtaji mtu.

Dorothea alikuwa akimuuguza mama yake mzazi, aliyelala kitandani mwaka wa pili bila kuweza kujigeuza. Mgonjwa wa namna hiyo lazima aogeshwe, na changamoto haiogeshi mtu. Kidonda cha mgongoni kilipoanza kutoa harufu, alimwendea jirani yake Leonard, mwalimu mstaafu.

"Tumwachie Mungu, mama Anitha," Leonard alimwambia.

"Mungu alishayaleta, mwalimu. Aliyeyageuza njia anaishi pale juu, na wewe unamjua."

"Hasira hasara, mama."

"Na upole wako umekuletea ndoo ngapi?"

Mwalimu akakumbuka kwamba ana kuku wa kulisha.

Sasa, kwa Wagogo wa huko, yowe halina mjadala. Likipigwa, kila mwanamume hutoka na fimbo bila kuuliza; na akishatoka, harudi kwake kabla nyayo za mifugo iliyoibwa hazijafuatwa hadi mwisho wake. Anayerudi njiani huhesabiwa mwenzake mwizi.

Asubuhi iliyofuata Dorothea alipanda juu ya kichuguu, akashika kichwa kwa mikono miwili, akapiga yowe. Wanaume ambao tangu kiangazi kianze hawakunyanyua hata kidole wakatoka mbio, mmoja akiwa na kiatu kimoja.

"Ng'ombe wangapi?" aliuliza Matonya, mfugaji, akihema.

"Hakuna ng'ombe. Yameibwa maji."

Kicheko kikazuka. "Ah, mama! Umetutoa kwenye uji kwa sababu ya changamoto?"

"Changamoto haina mikono ya kuchimba mtaro, baba. Mwizi anayo. Haya, yowe limepigwa na mmetoka. Rudini basi kabla ya kufuata nyayo, nami nitawatangaza mnadani kwa majina."

Kicheko kikakatika. Mwalimu Leonard akaitazama fimbo yake kana kwamba ndiyo iliyomleta. Mila ilikuwa imewashika pabaya: mtu anaweza kuvumilia kiu, hasa ikiwa ya mama wa mwenzake, lakini kuitwa mwenzake mwizi mbele ya wanunuzi wa mbuzi hawezi.

Wakaufuata ule mtaro uliofukiwa, udongo wake ukiwa bado mwekundu, mpaka kwenye mizabibu iliyonawiri bila haya katikati ya ukame.

"Karibuni," Nathanaeli alisema, akiziangalia fimbo. "Kuna changamoto gani tena?"

"Tumefuata ng'ombe wetu, mwenyekiti," Matonya akajibu, akiukanyaga mpira. "Huyu hapa. Umemficha vibaya, mkia unaonekana."

Wakaung'oa mpira wote hadi kwenye bomba, wakaziba tundu, kwa hasira waliyoipata asubuhi hiyohiyo na ambayo leo kila mmoja huapa kwamba alizaliwa nayo.

Tangu Jumamosi ya tarehe 12 Oktoba 2024 koki ya kitongoji inatoa maji, na mama yake Dorothea anaogeshwa kila siku. Kidonda chake kimefunga.