Shimo la Kumpakia Maksai

Kumfikisha maksai wangu Sumbawanga kulinigharimu shilingi tano na debe la pombe ya ulezi kwa wachimbaji. Nimehesabu mara mbili. Mchinjaji wa mjini alitaka mnyama mnono, na kwa miguu kutoka Laela angefika mbavu tupu. Nikatafuta lori.

Maksai akagoma kupanda ubao wa kuingilia lorini. Tulikuwa wanaume sita, kila mmoja na akili zake. Jirani akasema tumfunge macho. Tukamfunga, akalala chini.

“Kama yeye hapandi,” akasema shemeji yangu, “basi lori lishuke.”

Tukachimba shimo, lori likarudi nyuma likazama magurudumu, na maksai akaingia kama anaingia zizini. Lori likashindwa kutoka.

“Mwenye nguvu hapa ni huyu abiria,” akasema dereva.

Tukamshusha, tukamfunga kamba, akavuta huku tukisukuma. Lori likatoka, yeye akabaki chini.

“Tuchimbe jingine, shemeji?” nikamuuliza.

Dereva hakungoja jibu, akaondoka na lori lake tupu. Maksai alitembea siku nne, na mchinjaji alimpapasa mbavu kabla hajanisalimu.

Dereva bado anadai nauli. Wenye kujua biashara, nishaurini: maksai aliyevuta lori hulipa au hulipwa?