Theluji kwenye Benchi la Baba

Watu wa Green Bay, mji wa baridi huko Marekani, huhesabu umri kwa ubingwa wa Packers, timu yao ya mpira wa Kimarekani. Muulize mtu kazaliwa lini, atakujibu, "Mwaka ule tulipowanyoa New York," au, "Miaka miwili kabla ya ile mechi ya baridi," na walioko pale watatikisa vichwa kwamba wameelewa. Kwa Arlene Delveaux hesabu hiyo ilikuwa mwiba wa siku zote. Yeye alizaliwa mwaka wa hamsini na nane, mwaka ambao Packers walishinda mechi moja tu msimu mzima. Ukiutaja mwaka huo mbele ya wazee wa pale, wanacheka kwanza, ndipo wanakusalimu.

Mdogo wake Colette alizaliwa siku ya mwisho ya mwaka wa sitini na moja, wakati Packers wanawafunga New York thelathini na saba kwa sifuri na kutwaa ubingwa hapohapo nyumbani. Baba yao, Clarence, hakuwa hospitali. Alikuwa uwanjani. Jioni aliingia wodini ananuka sigara na baridi, akamnyanyua mtoto juu, akasema, "Huyu ndiye kombe lenyewe."

Jina likashika. Colette akawa Kombe, nyumbani na mtaani. Arlene, ambaye alikuwa ndiyo kwanza ana miaka mitatu, alishika pindo la koti la baba akingoja zamu yake ya kunyanyuliwa. Zamu haikufika. Kitu alichokumbuka mpaka uzeeni ni jinsi koti lile lilivyokuwa baridi shavuni.

Ikaja mechi ya baridi yenyewe, fainali ya mwaka wa sitini na saba, ambayo hata filimbi ya mwamuzi iliganda mdomoni. Baba na mama walikwenda, watoto wakaachwa kwa bibi. Siku zile televisheni za mjini hazikuruhusiwa kuonyesha mechi ya nyumbani, kwa hiyo Arlene alibandika sikio kwenye redio tangu mwanzo mpaka mpira ulipovushwa mstari mara ya mwisho na kuwapa ushindi. Colette alikuwa amelala fofofo. Baba aliporudi, masharubu yake meupe kwa barafu, Arlene alimkimbilia amsimulie kila alichosikia. Baba alimpapasa kofia, akampita, akainama kwenye kochi na kumwambia yule aliyelala, "Kombe, umetuletea jingine."

Arlene alikua, akaajiriwa kwenye kiwanda cha karatasi za chooni, akaolewa, akafiwa na mume. Hakuwa mtu wa maneno. Wivu wake ulikuwa wa mikono. Baba alipokufa, nafasi zake mbili za tiketi za msimu pale uwanjani, ambazo mjini kwao hurithishwa kama nyumba, na ambazo watu huwaandikishia watoto foleni kabla hata ya kubatizwa, alimwachia Colette. "Kombe ndiye mwenye bahati," alisema kitandani. Arlene akasema, "Sawa, baba." Siku ya mazishi alisimama kwenye sufuria kubwa la booyah nyuma ya kanisa, akiwapakulia waombolezaji supu nzito ya kuku na mboga. Colette alipofika na bakuli lake, Arlene alimpa mchuzi mtupu.

Tangu hapo Arlene aliingia uwanjani kwa njia moja tu, kwa beleshi. Theluji ikianguka nyingi kabla ya mechi, uwanja huwaita watu wa mji waje kuikwangua kwenye mabenchi, nao hujipanga getini alfajiri, vijana kwa vikongwe, kila mtu na soksi zake mbili mbili. Arlene hakukosa hata mara moja. Alikuwa anakwenda moja kwa moja kwenye safu ya baba yake, anasukuma theluji kwenye mteremko wa mbao mpaka chini, halafu zile nafasi mbili anazipangusa kwa kitambaa mpaka chuma kinang'aa. Alikuwa anazipangusa kwa uchungu, lakini alikuwa anazipangusa.

Majira ya baridi yale ambayo Colette alifanyiwa upasuaji wa magoti, kila mtu katika ukoo alijua kwamba zile ngazi hataziweza tena. Arlene alianza kungoja. Hakuuliza. Ijumaa moja ukoo ulikuwa mezani bila Colette na Trent, samaki wa kukaanga na viazi mbele yao, ndipo Shayla, mke wa Trent mtoto wa Colette, akalitoa jambo lenyewe.

"Mama mkubwa, umesikia? Mama anaandikisha zile tiketi za uwanjani kwa Trent." Shayla alikuwa na mimba iliyoshuka, anakula kwa mkono mmoja na mwingine kaulaza tumboni.

"Nani kakwambia?"

"Trent mwenyewe. Kasema na mimi nitakuwa nakwenda."

"Wewe wa Chicago, kwa mahasimu wetu?"

"Nimeshahamia huku, mama mkubwa. Moyo ndio bado uko kwenye lori la mizigo."

Meza nzima ikacheka. Arlene naye alicheka, akabandua ngozi ya samaki wake taratibu, akaiweka pembeni, na hakula tena.

Jumamosi theluji ilikuwa imefika magotini, na mechi ya kesho yake ilikuwa dhidi ya Chicago. Arlene alijipanga getini kama kawaida. Wendell, jirani yake wa kupiga beleshi miaka yote, alimtania, "Bi mkubwa, mwaka huu utalimaliza hilo benchi kwa kulikwangua. Watakaa hewani."

"Fanya ya kwako," Arlene alimjibu.

Alisafisha safu nzima. Alipofika kwenye zile nafasi mbili, alisimama. Akatazama huku na huku. Kisha akairudisha theluji juu ya benchi kwa beleshi, akaishindilia kwa goti, akafungua chupa yake ya kahawa na kuimwaga yote juu yake. Moshi ulipanda kidogo, ukakata. Mpaka anafika getini, pale mahali palikuwa pamekuwa jiwe. Usiku ule alilala vizuri, na hilo lenyewe lilimtia haya alipoamka.

Jumapili, kabla hajamaliza kunywa chai, mlango uligongwa. Alikuwa Colette, na fimbo yake na koti la kijani.

"Vaa, dada. Twende."

"Twende wapi?"

"Uwanjani. Shayla kaanza uchungu. Trent kampeleka hospitali na kaapa hatoki mlangoni pale hata wachezaji wenyewe waje kumvuta."

Ndani ya gari Colette alizungumza macho yakiwa barabarani. "Trent nimempa moja tu. Ya pili ni yako. Nilitaka kukwambia siku ya Krismasi, lakini naona bora leo, ukae ukijua ni kwako." Akapunguza mwendo. "Umesikia?"

Arlene alikuwa amezishika glavu zake kana kwamba zitaruka. "Nimesikia," alisema.

Walipanda ngazi polepole, Colette akimwegemea bega, na kila ngazi Arlene aliomba jua liwe limefanya kazi. Jua halikuwa limefanya chochote. Benchi zima lilikuwa kavu, na kwenye zile nafasi mbili kuna tuta la barafu la rangi ya udongo. Watu wa nyuma walikuwa wameshaanza kulichekea.

Colette aliinama, akavua glavu, akagusa. Akanusa kidole. Katika mji ule ni wao wawili tu waliobaki wanaotia mdalasini kwenye kahawa, kama alivyokuwa akifanya mama yao.

Alinyooka. Akaugeukia uwanja, si dada yake.

"Miaka yote," alisema, "nikifika hapa, pamepanguswa kuliko kwa watu wote. Nilikuwa najua ni wewe. Sikuwahi kukushukuru, maana ningekushukuru ungeacha."

Arlene alitoa kwenye mfuko kipande cha plastiki cha kukwangulia vioo vya gari, akapiga magoti kwenye zege, akaanza kukwangua. Alianza na upande wa ndani, aliodhani ni wa mdogo wake. Colette alisimama juu yake na fimbo yake, kama malkia, na hata katika aibu ile Arlene alisikia ule mwiba wa zamani ukimchoma: yeye chini, Kombe juu.

"Upande wa baba ni upi?" aliuliza bila kuinua uso.

"Huo wa ngazini. Ndio wako."

Akaukwangua wa ngazini mpaka chuma kikang'aa, wakatandika maboksi chini ya miguu kuzuia baridi, wakakaa. Packers walicheza vibaya tangu mpira wa kwanza. Chicago walipita kama mlango uko wazi. Kipindi cha mwisho watu walikuwa wanaondoka, na simu ya Colette ikaita. Aliisikiliza, akaifunga, akaanza kucheka huku machozi yanamganda.

"Msichana. Kazaliwa sasa hivi. Tumepigwa na Chicago nyumbani, na yeye kazaliwa."

"Maskini ya Mungu," alisema Arlene. "Watamcheka mpaka anaolewa."

Hospitali, Trent alikuwa amesimama katikati ya chumba na mtoto mikononi, macho mekundu. Shayla kitandani alisema kwa sauti ya uchovu, "Waulize nani kashinda." Colette ndiye aliyekuwa mbele, mikono imeshanyooshwa. Arlene alibaki mlangoni. Alijua mpangilio.

Colette aliishusha mikono.

"Mpe mama yako mkubwa kwanza," alimwambia Trent. "Huyu ni wa mwaka wake, wa kufungwa."

Trent akamsogelea Arlene na lile furushi. Arlene akarudi nyuma hatua moja.

"Ngoja," alisema. "Koti langu lina baridi."

Akavua koti, akalitupa sakafuni, akasugua viganja mpaka vikapata moto, ndipo akapokea.