Kadi Mbele ya Mdomo

Kwa miaka thelathini na mmoja mpimaji wa masikio alikaa upande uleule wa kioo, kadi nyeusi mbele ya mdomo ili mgonjwa asiisome midomo yake, akitamka maneno ishirini na matano ya orodha ileile. Tamu. Damu. Fika. Shika. Aliwafundisha wanagenzi kwamba tamu na damu hutengwa na mwanya wa pumzi mfupi kuliko kupepesa jicho, na kwamba fika na shika hutofautishwa na mvumo mwembamba wa juu, ambao ndio wa kwanza kumtoka mtu mzima.

Yeye mvumo huo ulikwisha kumtoka. Nyumbani birika lilipiga mbinja, mkewe akainuka kulizima, naye hakuisikia mbinja hiyo. Hakusikitika. Aliona tu mvuke.

Hospitali ikaamua kila mpimaji apimwe kabla ya mkataba mpya. Apataye chini ya maneno ishirini, kazi basi. Zamu ya kumpima ikamwangukia binti aliyemfunza mwenyewe.

“Leo umehamia upande wa pili, mwalimu. Usinifokee nikikosea.”

“Soma tu, binti. Na ufunike mdomo barabara. Sisi wazee ni wezi wa midomo.”

“Kwani nani alinifundisha kufunika?”

Mlango mzito ukafungwa. Masikioni zilimfikia irabu tupu, mifupa isiyo na nyama. Hakuihitaji nyama: orodha ilikuwa kichwani, tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Alijibu moja baada ya jingine, bila kosa, bila furaha.

Baada ya neno la kumi na nane, binti aliinua kadi, akakunja uso, akapiga chafya.

“Damu,” akajibu mzee, neno la kumi na tisa la orodha.

Kadi ikashuka.

“Mwalimu, sijasoma kitu.”

Hakuyasikia maneno hayo. Aliyaona.

“Rudia orodha,” akasema mzee. “Usome ukirukaruka.”

Safari hii alipata kumi na moja. Binti alishika kalamu juu ya fomu, asiandike.

“Mkono umegoma, mwalimu.”

“Lete.”

Akaijaza mwenyewe, kwa hati yake ya siku zote iliyosimama wima, akagonga mhuri wa tarehe. Kisha akavua koti jeupe, akalitundika msumarini, akatoka.

Kwenye benchi la wagonjwa mtu mmoja alimwamkia. Mzee akaitazama midomo yake, akaitikia.