Saini Niliyoipata kwa Utani

Siku ambayo siachi kuikumbuka, mwanangu, ilikuwa Jumanne asubuhi, uwanja bado una umande, na mimi nimeinama katikati yake kama meza. Beki wetu wa kulia, Saidi, alikuwa ameweka karatasi mgongoni kwangu na anasaini huku anacheka. Wenzake walikuwa wamesimama pembeni wanapiga makofi. "Jamani, leo Mngoni amekuwa meza ya Myao!" Nami nilicheka kuliko wote, kwa sababu mimi peke yangu nilijua karatasi ile imeandikwa nini.

Nakuandikia haya nikiwa na hasira, na sitaificha. Juzi ulikuja hapa kwangu Mfaranyaki kwa bodaboda, umevaa fulana ya timu, ukaniambia, "Shikamoo baba mkubwa, nimechaguliwa katibu." Nikafurahi kweli. Nikamwambia mama yako mkubwa aongeze maji ya chai. Kisha ukatoa simu ukanionyesha jinsi mnavyoukwepa ukomo wa mishahara mliojiwekea wenyewe kwenye mkutano wa wanachama. Yule kiungo mnayemleta kutoka nje mmemwandika "mshauri wa vijana", ili mshahara wake usihesabiwe pamoja na wa wachezaji. Na kijana wa Lizaboni ambaye mnataka aondoke, mmemwomba atume picha ya saini yake kwa simu, eti ya bima, ili muibandike kwenye barua ya kuacha timu. Ukacheka. Ukangoja nikupongeze. Nilinyamaza kwa sababu mama yako mkubwa alikuwa anamimina chai, na sikutaka kukutukana mbele yake. Sasa kaa, soma mpaka mwisho, maana mimi huo ujanja wako niliufanya kabla yako.

Nilikuwa kijana kama wewe nilipopewa ukatibu. Nilikuwa na mhuri mfukoni, kalamu mbili kifuani, na kiburi cha kutosha timu nzima. Msimu uliotangulia viongozi waliokuwepo waliwaahidi wachezaji mishahara ambayo timu haikuwa nayo, wavulana wakakaa kambini wanakula ugali na chumvi, wengine wakauza viatu vyao vya mpira wapate nauli ya kurudi kwao. Ndipo wanachama wakakutana wakaweka ukomo. Mchezaji yeyote asipite kiasi fulani, na mishahara yote ikijumlishwa isipite kiasi fulani. Ukitaka kumwongeza mmoja, lazima kuwe na nafasi. Ilikuwa sheria nzuri, mwanangu. Iliwekwa ili mchezaji akiahidiwa kitu akipate. Mimi ndiye niliyeiandika kwa mkono wangu na kuibandika mlangoni mwa ofisi.

Haikupita miezi minne, nikamtaka mshambuliaji mmoja wa Dar es Salaam. Ah, nilimtaka yule mtu! Nilikuwa nimemwona akicheza mara moja tu, akafunga goli kwa kichwa, nikarudi Songea kama mtu aliyeposa. Nikapiga hesabu, nikaona chini ya ukomo hakuna nafasi. Aliyekuwa anachukua mshahara mkubwa kuliko wote ni Saidi, na mkataba wake ulikuwa umebakiza mwaka mmoja na nusu. Kumvunjia mkataba maana yake kumlipa fidia, na fidia hatukuwa nayo. Iliyobaki ilikuwa njia moja, aseme mwenyewe kwa maandishi kwamba anaondoka kwa hiari yake na hadai kitu. Nani asiye na wazimu angesaini hilo?

Saidi alikuwa mtu wa Namasakata, kule Tunduru. Baba yake hakuwepo tena, alilelewa na mjomba wake kwenye mikorosho. Alikuwa mpole uwanjani na mtundu nje ya uwanja. Alikuwa amepanga chumba mtaa wa pili na kwetu, mkewe alikuwa na mimba ya kwanza, na kila mwisho wa mwezi alikuwa ananunua matofali machache ya nyumba yake. Sisi Wangoni na wao Wayao ni watani, unajua. Kwa hiyo tangu alipofika, mimi na yeye hatukuwahi kusalimiana kama watu wenye akili zao.

"Babu zangu waliwakimbiza babu zako mpaka wakajificha vichakani," nilikuwa nikimwambia.

"Walitukimbiza wakiwa wamelewa ulanzi," ananijibu, "ndiyo maana hawakutufikia."

Mtani, mwanangu, ni mtu ambaye mlango wako kwake hauna kufuli. Anakutukana hadharani, anachukua kuku wako anakwenda kumchinja, anakuvua kofia msibani na harudishi mpaka umlipe. Nawe huwezi kukasirika. Ukikasirika, wazee wanakushangaa. Mimi nilikaa nikalifikiria hilo jambo vizuri sana, nikaona hapo ndipo pa kupitia. Naona aibu kuandika kwamba nilifurahi nilipolipata wazo lile, lakini nilifurahi.

Jumanne ile nilikwenda mazoezini na bunda la fomu. Zilikuwepo za bima na za leseni za ligi, na kila mchezaji alitakiwa kusaini. Katikati ya fomu za Saidi niliiweka ile barua. Ilipofika zamu yake akaanza kuinua karatasi ya kwanza aisome. Nikamwahi.

"Wewe Myao unajifanya unasoma nini? Saini, la sivyo nakuchukua mateka leo leo."

"Nitasainije bila meza? Inama, mtani, nikupe kazi ya kwanza ya maana maishani mwako."

Nikainama. Uwanja mzima ukacheka. Akasaini zote nne mgongoni kwangu, mojawapo ikiwa ile iliyosema kwamba yeye, akiwa na akili timamu na bila kushurutishwa, ameacha kazi katika timu yetu.

Mshambuliaji wangu akaja. Dirisha la usajili likafungwa. Siku mbili kabla ya mechi ya kwanza leseni zikafika, nikazigawa, na ya Saidi haikuwemo. Unajua alifanya nini? Alicheka! Akaniambia mbele ya wenzake, "Mtani umekula leseni yangu, utaitapika." Nikasema ndiyo, nimeila na chumvi. Siku mbili nzima alikuwa anacheka, akija ofisini ananipekua mifuko, na mimi nacheka naye. Hasira niliyo nayo leo kwa yule kijana aliyekuwa mimi, siwezi kukuelezea. Ningempata sasa ningemzaba makofi.

Siku ya mechi kocha aliposoma majina, na la Saidi halipo hata benchi, ndipo alipokuja na kunitazama usoni bila kucheka. Nikamweleza. Nilimweleza haraka haraka, kama mtu anayesoma tangazo la mnada. Nikamwambia avumilie, dirisha dogo likifunguliwa katikati ya msimu nitamrudisha. Akasema, "Lakini nilidhani tunataniana." Timu nyingine yoyote isingeweza tena kumsajili mpaka dirisha dogo, kwa hiyo nilikuwa nimemfungia milango yote kwa mara moja, huku mkewe akihesabu wiki.

Wiki iliyofuata mjomba wake akaja. Kwao mjomba ndiye msemaji wa mtu, na Mzee Hashimu alikuwa amepanda basi kutoka Tunduru kwa ajili ya jambo hilo tu. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, Lizaboni. Aliingia, kanzu yake imejaa vumbi la safari, akavua kofia, akakaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mtani?"

Na mimi, mpumbavu, nikajaribu tena. Nikasema, "Ndiye mimi. Naona Wayao mmeamua kuja kujisalimisha."

Hakucheka. Alinitazama mpaka nikashusha macho, kisha akaitoa nakala ya ile barua akaiweka mezani, karibu na mhuri wangu.

"Kijana, mimi nimetaniwa na Wangoni tangu nina meno ya utoto. Baba yako akija kwangu akachukua kuku, nacheka, maana kesho nami nitakuja kwenu nichukue mbuzi. Utani ni wa kurudishiana. Sasa wewe umechukua kazi ya mpwa wangu. Niambie, mimi nirudishe kwa kuchukua nini? Una kitu gani chenye thamani hiyo nikichukue, halafu wewe ucheke?"

Nikaanza kumweleza habari za ukomo, kwamba mishahara ilikuwa imejaa, kwamba timu ilihitaji magoli.

"Ukomo huo mlimwekea nani?" akauliza.

"Timu, mzee."

"Na mpwa wangu hakuwa timu?"

Akasimama, akaikunja barua yake.

"Wallahi, ungemnyang'anya kwa nguvu ningekuheshimu kidogo, maana angejua anapigwa, angejikinga. Wewe ulimchekesha. Umetumia kitu walichotuachia wazee wetu baada ya vita, ili tusiuane tena, umekitumia kumkatia mtu riziki. Mimi sikulaani. Lakini usije kwangu ukaniita mtani, kamwe."

Akaondoka bila kunywa hata maji. Nilikaa ofisini pale mpaka mwenye duka akaja kuniuliza kama naumwa.

Nilijaribu kutengeneza, usidhani sikujaribu. Nilikiri mbele ya kamati, wakanivua ukatibu, nao walifanya vyema, ingawa wakati ule nilinung'unika. Nikawaandikia watu wa ligi. Wakajibu kwa mistari miwili. Barua ina saini ya mchezaji, na hakuna ushahidi kwamba alilazimishwa. Na kweli hakulazimishwa. Mimi ndiye niliyekuwa najua jinsi alivyosaini, na kucheka kwa uwanja mzima hakuna fomu yake.

Saidi akarudi Namasakata na mkewe. Matofali yake aliyauza kwa jirani. Yule mshambuliaji wangu wa Dar alifunga magoli mawili, akagombana na kocha, akaondoka kabla hata mahindi hayajakomaa. Dirisha dogo lilipokaribia, nafasi chini ya ukomo ikawepo, na kamati ikaniambia, wewe uliyeharibu, nenda ukamwombe. Nikabeba mkataba mpya, mzuri kuliko wa kwanza, nikapanda basi mpaka Tunduru.

Nilimkuta anapalilia chini ya mikorosho, mtoto wake yuko ndani na mama yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nayatamani, mwanangu, nilikuwa nayasubiri yale matusi yetu ya kila siku. Alifuta mikono, akanipa mkono.

"Karibu, Bwana Katibu."

Akaniletea kiti, akaniletea maji, akamwambia mkewe mgeni ale kwanza. Baada ya kula akaupokea mkataba, akausoma. Aliusoma wote, kila mstari, kidole kikitembea chini ya maneno, ukurasa baada ya ukurasa. Alipomaliza akaukunja vizuri akanirudishia.

"Mkataba ni mzuri," akasema. "Nashukuru kwa kuja mbali. Lakini aliyeuleta simwamini, na mpira siwezi kuucheza huku nikigeuka nyuma kila saa. Umri wangu wa kukimbia haukuwa mrefu, na kipande kizuri umeshakula. Nitalima."

Alikuwa na miaka ishirini na saba.

Miaka ilipita. Mzee Hashimu alipofariki nilikwenda kuzika, kwa sababu nisingeweza kutokwenda. Watani wengine kutoka Songea walikuwepo wanafanya vituko vyao, wamekwapua kofia ya Saidi, wamelala njiani wanadai walipwe ndipo jeneza lipite, na Saidi na machozi yake alikuwa anacheka na kuwatukana. Mimi nikamsogelea. Alipogeuka akaniona, kicheko kikaisha pale pale. Akasimama wima, akanipa mkono kwa heshima kubwa. "Pole na safari, Bwana Katibu." Nilikuwa nimeshavuliwa ukatibu miaka mingi. Mwanangu, nimetukanwa na watu wengi katika maisha haya, lakini hakuna aliyeniumiza kama Saidi kwa adabu yake.

Ndiyo maana nilishindwa kuinywa ile chai ya juzi.

Sasa nisikilize. Ukomo mliouweka ni mzuri, uacheni ufanye kazi yake. Kama hauwatoshi, nenda mbele ya wanachama mchana kweupe ukasema hautoshi, waupandishe au wakukatalie. Lakini kumwandika kiungo kuwa mshauri wa vijana ni kuwadanganya wale wale waliokupigia kura, na siku fedha zikiisha, wa kwanza kulala njaa atakuwa mlinda mlango wa akiba, hatakuwa huyo mshauri. Na yule kijana wa Lizaboni, ifute picha ya saini yake leo, kabla hujala. Ukitaka aondoke, mwite, akae, umwambie kwa mdomo wako kwamba humtaki tena. Mlipe anachostahili, na umwambie kabla dirisha halijafungwa ili apate pa kwenda. Atakasirika. Mwache akasirike, ni haki yake, nawe ukae hapo hapo umsikilize. Mkataba wowote utakaompa mchezaji, msomee mwanzo mpaka mwisho. Akisema hana haja, anakuamini, hapo ndipo umsomee mara mbili. Na kama uso wako una furaha siku unayomwondoa mtu kazini, rudi nyumbani, usisaini kitu siku hiyo.

Ukinisikia, njoo Jumapili baada ya misa, tutakunywa chai na nitakusaidia kuipanga mishahara yenu ikae chini ya ukomo bila hila, maana hesabu hizo nazijua. Usiponisikia, usije kwanza.

Mungu akulinde, mwanangu, katika kazi hii uliyopewa. Akupe wachezaji watakaokutukana mitaani bila woga, na akuepushe na mtu mmoja atakayekuheshimu kama Saidi anavyoniheshimu mimi.